Mbio za Ramani: Mchezo Uliotoka Msituni Ukaingia Mjini

Yuko kijana ashindaye kwa miguu, na yuko kijana ashindaye kwa macho. Katika mbio nyingi tuzijuazo, njia imekwisha kupangwa tangu mapema. Mkimbiaji hana la kufikiri ila kwenda upesi kuliko mwenzake. Lakini ziko mbio nyingine ambazo hata mwenye miguu myepesi kabisa aweza kuja wa mwisho, kwa sababu alikimbia kabla ya kusoma. Hizo ndizo mbio za ramani.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Butembo na Beni, hasa ninyi wanafunzi, habari za mbio hizo, na zaidi habari za zile fupi zikimbiwazo mjini, ambazo kwa muda wa miaka karibu 30 zimefika nchi nyingi za dunia. Habari hiyo si ya Wazungu na misitu yao tu. Mtakaposoma hadi mwisho mtaona jinsi inavyotugusa sisi pia.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuujue mchezo. Mkimbiaji hupewa ramani saa ile ile ya kuondoka, wala si kabla. Katika ramani ile ataona pembetatu: hapo ndipo mwanzo. Ataona viduara vyenye namba: hivyo ndivyo vituo. Tena ataona viduara viwili, kimoja ndani ya kingine: hapo ndipo mwisho. Katika kila kituo imetundikwa alama ya kitambaa, nusu nyeupe, nusu rangi ya machungwa. Yampasa mkimbiaji avifikie vituo vyote kwa kufuata namba zake, asiruke hata kimoja.

Lakini kati ya kituo na kituo hakuna aliyemchorea njia. Apite kushoto mwa kanisa au kulia? Apande ngazi au azunguke soko? Hilo ni shauri lake mwenyewe. Na kusudi asipate kumfuata mwenzake kama kondoo, katika mbio za mtu mmoja mmoja wakimbiaji huachana kwa muda, mara nyingi dakika moja, kila mmoja na saa yake. Zamani mkimbiaji alitoboa karatasi kwa koleo dogo kwenye kila kituo, ili kuthibitisha kwamba amefika. Siku hizi, katika mashindano makubwa, huvaa kidude cha elektroniki kidoleni, nacho huandika saa na dakika.

MWANZO WAKE

Mchezo huu ulizaliwa kwa askari. Jina lake la Kiswidi lilitumiwa kwanza mwaka 1886 katika chuo cha maofisa cha Karlberg, nchi ya Uswidi. Maana yake ilikuwa kupita katika nchi usiyoijua kwa msaada wa ramani na dira. Baadaye raia nao waliupenda. Tarehe 31 Oktoba 1897, chama cha michezo kiitwacho Tjalve kilifanya shindano la watu wote karibu na mji wa Oslo, nchi ya Norwei. Walitokea watu 8 tu. Peder Fossum alishinda kwa muda wa saa 1 na dakika 47.

Watu 8! Nani angalidhani kwamba mbegu ile ndogo ingeota? Lakini mwaka 1919 meja mmoja wa Uswidi, Ernst Killander, aliyekuwa pia kiongozi wa maskauti, aliona vijana wamechoka kuzunguka uwanja ule ule wa mbio. Akafikiri: tuwape jambo la kutumia akili pamoja na miguu. Mwezi wa Machi mwaka ule aliwaita Nacka, karibu na Stockholm, nao walikuja zaidi ya 200. Killander alipanga sheria za mchezo, na kwa sababu hiyo watu wengi humwita baba wa mbio za ramani.

Mwaka 1961 nchi 10 za Ulaya zilikutana Copenhagen zikaunda shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Mwaka 1966 ubingwa wa dunia ulishindaniwa mara ya kwanza huko Fiskars, nchi ya Finland. Åge Hadler wa Norwei alishinda kwa wanaume, Ulla Lindkvist wa Uswidi kwa wanawake.

SHIDA YA MSITU

Hata hivyo mchezo huo ulikuwa na shida moja kubwa. Ulichezwa msituni, na msitu huficha. Mama wa mkimbiaji alisimama kwenye mstari wa mwisho akingoja saa nzima na zaidi, asimwone mwanawe wala asijue kama amepotea au anaongoza. Waandishi wa habari hawakuwa na la kuandika ila majina ya washindi. Televisheni haikuwa na la kuonyesha ila miti. Tena kijana aliyekaa mjini, mbali na msitu, hakuweza kujifunza mchezo huo, hata kama alikuwa na akili na mbio nzuri.

Ndipo wapenzi wa mchezo walipofikiri: kama watu hawaji msituni, basi mchezo na uwaendee watu. Mwaka 1996 ulianza mfululizo wa mashindano ya kimataifa ulioitwa Park World Tour. Wakimbiaji bora walikwenda kutoka nchi hata nchi, wakikimbia katika bustani za miji na katika njia za kale za watu waendao kwa miguu. Mbio zenyewe zilikuwa fupi na kali. Wenye maduka walitoka milangoni kutazama. Watoto waliona kwa macho yao jinsi bingwa anavyosimama nukta moja, anavyogeuza karatasi, na anavyoponyoka tena kama swala. Katika miaka iliyofuata mfululizo huo ulifika hata China.

Waliocheka mwanzoni walikuwako, maana wazee wa mchezo walisema: mbio za ramani bila msitu ni uvuvi bila maji. Lakini baada ya miaka 5 tu, mwaka 2001, mbio fupi ziliingizwa katika ubingwa wa dunia, kule Tampere, Finland. Jimmy Birklin wa Uswidi alikuwa bingwa wa kwanza kwa wanaume, na Vroni König-Salmi wa Uswisi kwa wanawake. Mwaka ule ule mchezo wa ramani ulikubaliwa pia katika Michezo ya Dunia huko Akita, nchi ya Japani.

DAKIKA KUMI NA TANO ZA KUFIKIRI

Msomaji aweza kuuliza: je, mjini si rahisi zaidi? Mjini kuna majina ya njia, kuna majengo; nani atapotea?

Si rahisi hata kidogo. Katika mbio fupi mshindi hutumia muda wa dakika 12 hadi 15 tu. Kwa hiyo mwenye kukosea kwa nukta 10 aweza kunyang'anywa medali. Ramani yake huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 4,000, maana yake sentimeta 1 ya karatasi ni meta 40 za ardhi. Wanafunzi, pigeni hesabu: uwanja wa mpira wenye urefu wa meta 100 utakuwa sentimeta 2 na nusu. Katika ramani ya kawaida ya 1 kwa 50,000 uwanja huo huo ungekuwa milimeta 2, kama punje ya mtama. Kumbe ramani ya mbio fupi huonyesha kila ngazi, kila ukuta, kila mlango wa ua. Na mkimbiaji lazima ayasome hayo yote bila kuacha kukimbia.

Tena kuna sheria kali. Mstari mnene mweusi ni ukuta usioruhusiwa kurukwa, hata kama kwa kweli ni mfupi wa kufika kiunoni. Rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano ni ua la mwenyewe au bustani ya maua, haikanyagwi. Mwenye kuikanyaga hufutwa katika mashindano, hata kama amefika wa kwanza. Tena hakuna ruhusa ya kwenda kuuzoea mji ule kabla ya siku ya mbio. Hivyo aendaye upesi bila kuheshimu ua la jirani hapati kitu. Na sisi tungalipenda sheria hiyo ifuatwe na wote wapitao kwenye mashamba na nyua zetu!

MABINGWA WA MBIO FUPI

Miji mingi yenye sifa imekwisha kuona mbio hizi. Mwaka 2014 ubingwa wa dunia ulikuwa Italia, na mbio fupi zilifanyika Venezia, mji ule uliojengwa majini. Huko vichochoro ni vyembamba kama ushoroba wa nyumba, na mara nyingi kichochoro huishia majini. Mtu akikosea daraja moja hana budi kurudi nyuma. Søren Bobach wa Denmark na Judith Wyder wa Uswisi ndio walioshinda. Mwaka huo huo zilianza katika ubingwa wa dunia mbio fupi za kupokezana, watu 4 kwa kila nchi: wanawake 2 na wanaume 2. Mwanamke huanza, na mwanamke humaliza. Uswisi ilishinda.

Yafaa kumtaja pia Simone Niggli-Luder wa Uswisi, ambaye alipata medali 23 za dhahabu katika ubingwa wa dunia, za mbio fupi na za mbio ndefu. Mara mbili, mwaka 2003 nchini kwake na mwaka 2005 nchini Japani, alishinda mashindano yote 4 aliyoshiriki. Alipoacha mashindano makubwa mwaka 2013 alikuwa mama wa watoto 3.

Denmark ni nchi ndogo isiyo na milima wala misitu mikubwa kama ile ya Norwei na Uswidi. Lakini binti wa Denmark, Maja Alm, alishinda mbio fupi za ubingwa wa dunia miaka 4 mfululizo, tangu 2015 hadi 2018. Tazameni basi: mchezo ulipotoka msituni, hata wale wasio na msitu mkubwa walipata nafasi yao.

Mwaka 2022 ulifanyika kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa mbio fupi peke yake, nao ulifanyika huko huko Denmark. Hapo waliongeza namna mpya: watu 6 huondoka pamoja, wachache huendelea, wengine hutolewa, mpaka fainali. Matthias Kyburz wa Uswisi na Tove Alexandersson wa Uswidi ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza wa namna hiyo. Mwaka 2024 mashindano hayo yalikwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, wenye vilima, ngazi na njia za mawe.

KWA NINI HABARI HII YATUHUSU

Sasa turudi kwetu. Mtu akisikia kwamba mchezo huu ulizaliwa msituni, aweza kusema: basi sisi ndio wenye msitu, tuna kila kitu. Lakini sote twajua hali ilivyokuwa. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi sana wa eneo la Beni wameuawa mashambani na njiani, na jamaa nyingi zimeacha mashamba yao ya kakao na ya mihogo. Msitu ambao babu zetu waliujua kama kiganja cha mkono umegeuka mahali ambapo mzazi hathubutu kumpeleka mtoto. Kuna watoto wa miaka 10 waliokulia Beni wasiojua njia ya kwenda shamba la nyanya yao.

Hilo ni hasara ya chakula. Lakini ni hasara ya maarifa pia. Kuijua nchi kwa miguu, kujua mto unatoka wapi na kilima kile kinaangalia wapi, ni elimu ambayo baba alimpa mwanawe njiani. Njia ikifungwa, elimu ile nayo hukatika.

Mbio fupi za ramani haziwezi kuufungua msitu. Lakini zinao uwezo wa kuleta sehemu ya elimu ile ndani ya ukuta wa shule. Uwanja wa shule, ua la parokia, eneo la chuo: hayo yatosha. Hakuna haja ya kwenda mbali. Kile walichokibuni wenzetu ili televisheni ipate kuona, sisi twaweza kukitumia ili mtoto apate kucheza karibu na macho ya mwalimu wake.

Na ramani? Hapa kuna jambo ambalo huenda wengi hawalijui. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu Kaskazini. Na tangazo la mwisho wake lilitolewa tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu zaidi ya 2,200 kufariki. Katika siku zile za huzuni waganga walihitaji kujua kila njia na kila mtaa. Watu wa kujitolea, wa Kongo na wa nchi nyingine, walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora njia na nyumba za Beni, Butembo na vijiji vya kando, na kuzitia katika ramani ya wote iitwayo OpenStreetMap. Ramani hiyo haiuzwi. Kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuichapa, mradi ataje mahali ilipotoka. Kilichochorwa ili kupambana na kifo chaweza leo kumfundisha mtoto kusoma mji wake.

JINSI YA KUANZA

Mwalimu asiye na mashine ya kuchapa asikate tamaa. Achukue karatasi yenye miraba na apime uwanja kwa hatua zake. Atumie kipimo cha 1 kwa 1,000: kila sentimeta 1 iwe meta 10. Ukuta wa meta 60 utakuwa sentimeta 6. Achore madarasa, miti mikubwa, bomba la maji, ngazi, ua. Upande wa kaskazini uwe juu ya karatasi. Kisha achague vituo 8, na katika kila kituo afiche kipande cha karatasi chenye herufi moja. Mwanafunzi aondoke na nakala yake, aandike herufi kwa utaratibu wa namba, arudi. Mwalimu ashike saa. Mwenye herufi zote sahihi na muda mfupi ndiye mshindi. Mwenye muda mfupi na herufi pungufu hakushinda.

Sheria ya kwanza ya kumfundisha mtoto ni hii: geuza ramani mpaka ifanane na nchi iliyo mbele yako. Ukiona kanisa kulia kwako, nalo kwenye karatasi liwe kulia. Usitegemee kivuli cha jua kama wafanyavyo watu wa Ulaya. Kwao jua la saa sita mchana hukaa kusini sikuzote. Lakini sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta: mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, mwezi wa Desemba liko kusini. Basi kivuli kile kile kinachokuonyesha kaskazini mwezi mmoja, kitakudanganya mwezi mwingine. Majengo hayahami, yatumaini hayo.

Sheria ya pili ni ya Butembo hasa, mji wa vilima. Njia iliyo fupi kwenye karatasi si lazima iwe ya upesi kwa miguu. Kushuka bondeni na kupanda tena hula pumzi. Huenda kuzunguka kwa barabara ya juu kukawa bora, ingawa ni mbali zaidi. Vijana wa pikipiki walijua hilo zamani. Mwanafunzi na alijue kwa kupima na kuhesabu.

Na liko neno moja la busara kwa wakubwa. Mahali penye vita, mtu ashikaye ramani na dira aweza kudhaniwa mpelelezi. Kwa hiyo wakubwa wa mtaa waambiwe mapema, wazazi wajulishwe, na mchezo usitoke nje ya ukuta. Mtoto asipewe kamwe karatasi ya kuchora mahali pa askari.

MAVUNO YAKE

Mwaka 2016 shirikisho la mchezo huu lilianza siku ya dunia ya mbio za ramani, kusudi watoto wa shule wajaribu. Katika mwaka ule wa kwanza walishiriki watu zaidi ya 250,000. Tukumbuke wale watu 8 wa mwaka 1897! Wengi wa watoto hao hawatakuwa mabingwa kamwe, wala si lazima wawe.

Faida iko kwingine. Mtoto aliyezoea mchezo huu amejifunza kusimama nukta moja kabla ya kuruka. Amejifunza kwamba mwenzake akikimbia kwa kelele kuelekea kushoto, hiyo si sababu ya yeye kumfuata. Pengine mwenzake anatafuta kituo kingine, pengine amepotea. Amejifunza kukiri upesi: hapa sipo nilipodhani, nirudi mahali ninapopajua. Katika nchi ambayo uvumi hukimbia upesi kuliko gari, na ambapo vijana huitwa kila siku kufuata huyu au yule, elimu ya namna hiyo si ya mchezo tu.

Enyi wanafunzi, mkipata karatasi na penseli, anzeni na uwanja wa shule yenu. Upimeni, uchoreni, kimbieni. Nanyi wazazi, mtoto akija nyumbani jioni na kuwauliza kaskazini ni wapi, msimfukuze. Tokeni naye nje, mkatafute pamoja.